Keki ya hamira ya sikukuu: inagoma kuumuka, kisha inabonyea katikati

"Shikamoo mtaalamu. Sikukuu imebaki wiki tatu na safari hii sitaki kushindwa. Kila mwaka naoka keki ya hamira, ile ndefu yenye mayai, siagi na zabibu kavu. Natumia unga wa ngano nusu kilo, sukari gramu 250, siagi gramu 200, mayai manne, kikombe kimoja cha maziwa na kijiko kikubwa kimoja cha hamira ya chenga. Hamira naikoroga kwenye maziwa ya moto, moto ambao kidole kinavumilia. Nachanganya vyote kwa pamoja, nakanda, naweka karibu na jiko. Saa nzima inapita na donge liko vile vile. Mwaka jana niliongeza kijiko cha pili cha hamira, na unga pia, kwa sababu lilikuwa linanata sana. Mwishowe likaumuka, likapanda vizuri ndani ya oveni, nikashangilia. Nilipoitoa keki ikabonyea katikati mbele ya macho yangu. Juu imeungua, ndani mbichi, na inanuka hamira. Je, hamira yangu ni mbovu? Niongeze kiasi gani? Au niachane nayo nioke keki ya kawaida ya beking pauda? Wakwe zangu watakuwepo."

Marahaba, na asante kwa kuandika vipimo vyote. Wengi huniambia tu kwamba keki imegoma, nami hubaki nikibahatisha. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji, na sehemu kubwa ya jibu imo humo humo ndani ya swali lako.

Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni mambo mawili yanayoonekana kupingana: donge linakataa kuumuka, halafu likiumuka linapanda kupita nguvu zake na kuanguka. Wewe umehisi kwamba hamira ni dhaifu, kwa hiyo dawa ni kuiongeza. Naomba tuanzie hapo, maana hapo ndipo njia inapopotea. Hamira yako huenda ni nzima kabisa. Ilichokosa ni maji.

Najua utashangaa: maji gani tena, na donge lilikuwa linanata hivyo? Hamira ni kiumbe hai, kuvu wa seli moja moja. Ikipata maji na uvuguvugu inaamka, inakula sukari, inatoa hewa ya kaboni dioksidi na kileo kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayoinua donge. Sukari kidogo ni chakula chake. Sukari nyingi inaigeukia. Kata tunda lolote lenye maji, linyunyizie sukari, urudi baada ya nusu saa: utalikuta limesinyaa, limekaa ndani ya maji yake lenyewe. Sukari imeyavuta maji kutoka ndani ya tunda. Ndivyo inavyoifanyia kila seli ya hamira ndani ya donge lako. Maji yapo tele, lakini yameshikwa na sukari, na hamira iko katikati yake ina kiu.

Waokaji huhesabu unga kuwa 100 na kupima kila kitu kingine dhidi yake. Sukari ikiwa 5 kwa unga 100, hamira inafurahi. Ikipita 10 inaanza kupunguza mwendo, na unauona kwa macho. Yako ni 50. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sukari ya mezani kwa kawaida hailiwi na hamira ikiwa nzima. Kwanza hamira hutoa kimeng'enya kinachoikata kila molekuli ya sukari vipande viwili, glukosi na fruktosi. Muda mfupi baada ya kuchanganya, idadi ya molekuli hizo kwenye maji ya donge inakaribia kuwa mara mbili, na nguvu yake ya kuvuta maji inapanda kwa kadiri hiyo. Hamira inajiongezea mzigo kwa kula.

Hata hivyo haikufa. Inapobanwa namna hiyo hutengeneza gliseroli, kitu kinachoshika maji, ndani ya seli zake ili kuzuia maji yasitoke, na kazi hiyo inachukua muda. Ile saa nzima uliyoiona imepotea, hamira ilikuwa ikijizoeza. Wewe ukaongeza kijiko cha pili wakati ile ya kwanza ilikuwa karibu kuanza kazi. Zote mbili zikaamka, zikatoa hewa nyingi kuliko donge linavyoweza kuibeba, na ile harufu uliyoisikia ni ya hamira iliyozidi ndani ya donge lililochachishwa kwa joto. Ukiliona hivi, mgomo na kubonyea si matatizo mawili tena. Ni kosa moja lenye ncha mbili: donge limezuiwa, kisha limekimbizwa.

Kabla hatujaendelea, ondoa shaka kuhusu hamira yenyewe. Chukua kijiko kidogo cha hamira, maji ya vuguvugu nusu kikombe na chembe chache za sukari, koroga, subiri dakika 10. Ikitoa povu zito juu na kunukia kama mkate, ni nzima, na usiilaumu tena. Ikikaa kimya, nunua nyingine, na ukishafungua pakiti ifunge vizuri uiweke kwenye friji.

Kuhusu maziwa, kidole ni kipimo kibaya. Kidole kinavumilia joto la nyuzi 50 kwa muda mfupi, ilhali hamira inaanza kuumia kabla ya hapo, na kwenye nyuzi 55 hadi 60 inakufa. Tumia upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto: ukidondosha tone, usihisi moto wala baridi. Hapo uko kwenye nyuzi 35 hivi. Kuyachemsha maziwa kwanza ni jambo jema, maana kuna protini ndani ya maziwa yasiyochemshwa zinazolegeza donge, lakini yaache yapoe hasa.

Karibu na jiko pia siyo mahali pake. Siagi inaanza kulegea kwenye nyuzi 28 na ikifika 35 imeshakuwa mafuta. Donge lenye siagi nyingi likiwekwa kwenye joto hilo linatokwa na mafuta. Utaona linang'aa na kuteleza kwenye bakuli. Siagi hiyo ilitakiwa kukaa ndani. Donge la aina hii linapenda nyuzi 24 hadi 27, yaani chumba ambacho wewe mwenyewe unakaa bila kutokwa jasho wala kutafuta sweta. Chumba kikiwa baridi, liweke ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na bakuli la maji ya vuguvugu, ufunge mlango.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipa uzito kuliko mengine yote: mpangilio. Umesema unachanganya vyote kwa pamoja. Kwa keki ya beking pauda hilo halidhuru sana. Kwa donge la hamira lenye siagi na sukari nyingi, ni sawa na kuezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo.

Nguzo za donge ni gluteni. Unga wa ngano una protini ambazo zikipata maji na kukandwa zinashikana, zinavutana, zinafanya wavu laini unaonyumbulika, na wavu huo ndio unaoshika hewa ya hamira. Bila wavu, hewa inatoka. Siagi inazipaka protini hizo mafuta, zinashindwa kushikana. Sukari nayo inagombania maji ambayo protini zinayahitaji. Ukiweka vyote mwanzoni, wavu haujengeki ukajengeka, hata ukande mpaka mabega yaume. Ukijenga wavu kwanza, kisha ukaingiza sukari taratibu, kisha siagi mwisho kabisa, donge lile lile linakubali mzigo mkubwa na kuubeba.

Vipimo vyako navyo tuvirekebishe. Mayai manne na kikombe kizima cha maziwa kwa nusu kilo ya unga ni majimaji mengi mno, na sukari ile yote ikiyeyuka inalifanya donge kuwa jepesi zaidi. Ndiyo maana lilinata kiasi kile. Ningependa uanze hivi: unga gramu 500, ule wa mikate wenye protini nyingi ukiupata, maziwa mililita 150, mayai matatu, sukari gramu 120, siagi gramu 150, chumvi gramu 8, hamira ya chenga gramu 10, zabibu kavu gramu 200. Tumia mizani. Vikombe na vijiko vinadanganya, hasa kwenye unga, kwa sababu unga ulioshindiliwa na uliochekechwa havilingani uzito hata kama kikombe ni kimoja. Usiogope kwamba gramu 120 za sukari ni chache. Zabibu zina utamu wake, na juu utapaka sukari ya unga au shira.

Anza na chachu ya awali. Koroga maziwa ya vuguvugu, hamira yote, gramu 150 za unga na kijiko kidogo tu cha sukari. Funika. Hapa hamira inaamka mahali pasipo sukari nyingi, siagi wala chumvi ya kuisumbua. Baada ya dakika 30 hadi 45 itakuwa imejaa mapovu, imeinuka kama kuba, na katikati imeanza kulegea kidogo. Hiyo ndiyo dalili ya kuendelea. Kwa keki nzito kama hii sipendekezi kuiruka hatua hii hata siku moja, pakiti iseme isemavyo kwamba hamira inaweza kuchanganywa moja kwa moja.

Ongeza mayai, unga uliobaki, chumvi, na theluthi moja ya sukari. Kanda dakika 10 kwa mkono, au 6 kwa mashine kwa mwendo wa taratibu. Donge litakuwa gumu kidogo. Ongeza sukari iliyobaki kwa awamu mbili, ukikanda katikati. Utaona linalegea na kunata kila sukari inapoingia. Ni kawaida, sukari inayeyuka na kuwa maji. Kanda tu, litarudi.

Kisha siagi. Iwe laini ya kubonyea kwa kidole, isiwe imeyeyuka. Ingiza vipande vidogo, kimoja baada ya kingine, na usiongeze kingine kabla cha kwanza hakijapotea. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nikuonyeshe kwa karibu. Kipande cha tatu au cha nne kikiingia, donge linavunjika. Linakatika vipande, linateleza, linafanana na kitu kilichoharibika, mikono imejaa mafuta hadi kwenye kifundo. Nafsi itakuambia ongeza unga. Usiongeze. Endelea kulikunja, kulisukuma na kulivuta. Baada ya dakika tano au sita utasikia sauti ikibadilika, lile chapuchapu la mafuta linapungua, donge linaanza kuachana na bakuli lenyewe, na uso wake unakuwa laini kama ngozi. Endelea mpaka siagi yote iishe, jumla dakika 15 hivi. Halafu kata kipande kidogo ukivute polepole kwa vidole vya mikono miwili. Kikitanuka kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga bila kuchanika, wavu umekamilika. Kikichanika mapema, bado. Donge likianza kupata joto mikononi, lipumzishe kwenye friji dakika 15, uendelee.

Zabibu ziingie mwisho kabisa. Ziloweke kwanza kwenye maji ya moto au maji ya machungwa kwa nusu saa, zichuje, zikaushe kwa kitambaa. Zabibu kavu zisipolowekwa zinanyonya maji ya donge na kuliacha kavu; zikiwekwa zimelowa chepechepe zinaliachia maji na kutengeneza mifuko mibichi. Kama huwa unaongeza mdalasini mwingi ndani ya donge, upunguze, kwa sababu kiini chake cha harufu huzuia hamira. Uupake juu, au uuviringishe katikati pamoja na sukari. Na matunda mabichi kama nanasi, papai au kiwi usiyaweke kabisa. Yana vimeng'enya vinavyokata protini, vitaula ule wavu uliouhangaikia. Yaliyopikwa au ya kopo hayana shida, joto limeshaviua vimeng'enya hivyo.

Donge sasa lipumzike mpaka lifike ukubwa wa mara mbili. Inaweza kuwa saa moja na nusu, inaweza kuwa tatu. Nakusihi usitazame saa, tazama donge. Chukua glasi iliyonyooka, weka kipande kidogo cha donge chini, chora alama nje, iweke pembeni ya bakuli. Kwenye bakuli lenye mdomo mpana jicho linapotoka kirahisi, kwenye glasi hauwezi kukosea. Saa moja ikipita bila badiliko kubwa, acha. Usiongeze hamira. Usilisogeze jikoni. Liache lifanye kazi.

Likishaumuka, litoe hewa kwa upole, lifinyange liwe duara lililokazwa juu, uliweke kwenye kopo la kuokea lililopakwa siagi na kuwekwa karatasi. Lijaze theluthi moja hadi nusu ya kopo, si zaidi. Liumuke mara ya pili mpaka libakize sentimita 2 hivi kufika ukingoni. Mara hii kuwa macho, maana hapa ndipo keki yako ya mwaka jana ilipopotea. Bonyeza pembeni kwa ncha ya kidole iliyopakwa unga: shimo likirudi haraka, bado, likirudi polepole na kuacha kovu dogo, washa oveni, lisiporudi kabisa, limepitiliza, na wavu umetanuka mpaka mwisho. Donge lililopitiliza bado linaweza kupanda ndani ya oveni, kwa sababu hewa inatanuka kwa joto, likakupa furaha ya dakika 10. Lakini halina nguvu za kubaki juu. Ikikutokea, litoe kwenye kopo, likande kidogo, lifinyange upya na uliache liumuke tena. Utapoteza saa moja tu.

Lakini hata donge lililoumuka vizuri linabonyea likitolewa kabla halijaiva, na wewe umeniambia ndani palikuwa pabichi. Ndani ya oveni, protini za mayai na za gluteni zinaganda, na wanga wa unga unavimba na kushika maji. Hivyo viwili ndivyo vinavyogeuza povu laini kuwa keki inayosimama. Sukari nyingi inachelewesha vyote viwili, inavifanya vihitaji joto kubwa zaidi kabla havijaganda. Wakati huo huo sukari na maziwa vinaharakisha rangi juu. Matokeo ndiyo uliyoyaona: juu imeungua, ndani uji, na mvuke ukipoa hakuna kilichobaki cha kushikilia.

Kwa hiyo punguza moto na ongeza muda. Nyuzi 165 hadi 170, rafu ya chini ili katikati ya kopo pawe katikati ya oveni, dakika 45 hadi 55 kwa keki ya kilo moja. Rangi ikipendeza mapema, funika juu kwa karatasi ya foili iliyolegezwa, lakini usifungue mlango kabla ya dakika 25 za kwanza. Kijiti kinasaidia, ingawa kwenye keki yenye siagi kinaweza kutoka kisafi na katikati bado hapajaiva. Kipimajoto cha chakula ndicho cha kuaminika: kichomeke mpaka katikati, kikisoma kati ya nyuzi 92 na 95, itoe. Ni kifaa kidogo, na ningekushauri ukinunue kabla ya kununua kopo jipya la kupendeza.

Ikitoka, bado ni laini na inaweza kuzama kwa uzito wake. Waokaji wa panettone, keki ya Krismasi ya Italia, huitoboa chini kwa vijiti viwili na kuining'iniza kichwa chini kwa saa nyingi mpaka ipoe. Kwa yako, yenye siagi kidogo kuliko panettone, inatosha kuiacha kwenye kopo dakika 10, kisha kuilaza ubavu kwenye taulo nene na kuigeuza kila baada ya dakika 10 mpaka ipoe. Usiikate ikiwa moto. Wanga bado unaganda, na kisu kitaibana iwe donge tena.

Umeniuliza kama uachane nayo uoke ya beking pauda. Nitakujibu kwa haki. Keki ya beking pauda ni tamu, ya haraka, na mwenye saa mbili tu mkononi asione haya kuichagua. Lakini ni kitu kingine. Ile ya hamira inachanika kwa nyuzi ndefu, na ina harufu inayotengenezwa na saa za kuchacha peke yake, huwezi kuitia kwa chupa. Ukiitaka hiyo, hakuna njia ya mkato. Na kuchanganya hamira na beking pauda ndani ya donge moja, kama wengine wanavyoshauri, sioni faida yake hapa: beking pauda haijengi wavu, na wavu ndio ulioukosa.

Ukitamani kubaki na sukari nyingi zaidi, tuseme gramu 150, tafuta hamira iliyotengenezwa kwa ajili ya unga wenye sukari nyingi. Ipo, pakiti husema hivyo, na inavumilia kiu kuliko ile ya kawaida. Hamira ya kawaida pia inaweza, ukiipa chachu ya awali na muda mrefu. Gramu 250 kwa nusu kilo sikushauri kwa hamira yoyote.

Chaguo jingine ninalolipenda mno ni kulaza donge usiku. Baada ya kukanda, liache saa moja kwenye joto la chumba, kisha lifunike na uliweke kwenye friji kwa muda wa saa 8 hadi 12. Baridi inaipunguza hamira mwendo, siagi inakaza na kukurahisishia kulifinyanga, na ladha inakomaa. Kasoro yake ni kwamba kuumuka kwa pili kunachukua muda mrefu, saa tatu au zaidi, kwa kuwa donge linatoka likiwa baridi. Usililaze mezani usiku kucha. Lina maziwa na mayai mabichi, na usalama wa tumbo la mgeni ni muhimu kuliko ladha.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Ukioka mara mbili kwa vipimo hivi na bado ndani panabaki pabichi huku juu panaungua, ishuku oveni. Weka kipimajoto cha oveni ndani, uwashe 170, usubiri dakika 20. Niliwahi kuokea miezi kadhaa kwenye oveni iliyoandika 180 huku ndani ikiwa zaidi ya 200, nikabadilisha unga, hamira na siagi bila kujua tatizo lilikuwa kwenye swichi ya joto. Tofauti ikiwa kubwa au joto likipanda na kushuka ovyo, mwite fundi, na kama ni ya gesi na unasikia harufu yake, ifunge usiiguse mpaka fundi afike. Ikiwa tatizo ni donge lenyewe, tafuta mtu anayeoka mikate ya siagi, wa kiwandani au wa nyumbani, umwombe ushike donge lake likiwa tayari. Sekunde 10 za kuligusa zitakufundisha kuliko kurasa zangu zote. Na kama kati ya wageni yupo mwenye kisukari au anayedhurika na ngano, mayai au karanga, muulize yeye mwenyewe, au daktari wake kupitia kwake, kabla hujapanga chochote.

Una wiki tatu, na hiyo ni nafasi nzuri. Oka ya majaribio mwishoni mwa wiki hii, nusu ya vipimo, kopo dogo. Andika joto la chumba, muda wa kila hatua, na kipimajoto kilisoma ngapi ulipoitoa. Ya pili oka wiki inayofuata ukibadilisha jambo moja tu. Ya sikukuu ioke siku mbili kabla. Ikipoa kabisa, ifunge vizuri uiweke mahali pa ubaridi nje ya friji, kwa kuwa kwenye friji wanga hukakamaa upesi na keki huchakaa kuliko ikiwa mezani. Kwenye friza ni sawa, hata wiki mbili, ukiifunga mara mbili na kuitoa jioni iliyotangulia. Asubuhi ya sikukuu ipashe dakika 10 kwenye nyuzi 150 ili siagi ilegee na harufu irudi, iache ipoe kidogo, halafu ndipo uinyunyizie sukari ya unga, maana ukiinyunyizia ikiwa moto itayeyuka yote kabla wakwe hawajafika.